Mwaka Nilipokanyaga Breki za Baba Mkwe

Tulipomzika baba mkwe wangu, waombolezaji walipanga foleni sebuleni kumuaga, na wifi yangu mmoja aliyefika na basi la usiku kutoka Dar es Salaam akanigusa mgongoni. "Pita, wifi, ukamwone baba." Nilipita. Niliangalia mikono iliyowekwa kifuani, nikaangalia shuka, nikaendelea hadi uani. Sura yake sikuiangalia. Hakuna aliyegundua isipokuwa mabibi wawili waliokaa mkekani karibu na mlango, ambao walitikisa vichwa taratibu kukubali, kama walimu waliosahihisha daftari na kukuta hakuna kosa. Baadaye wanangu waliniuliza kwa nini nilipita haraka vile, nikawajibu kwamba nimechoka. Ilikuwa kweli. Nimechoka kueleza jambo ambalo kwa lugha ya nyumbani lina neno moja, ukutila, na kwa Kiswahili linataka jioni nzima: kwamba kwetu Unyakyusa mke hamwangalii baba wa mumewe, hasemezani naye, halitaji jina lake, hakai mahali alipokaa. Akimwona anakuja njiani, anaingia migombani mpaka apite. Wengi wameshaacha. Sisi wa rika langu tulikuwa karibu wa mwisho kushika, na hata sisi tulishika kwa mkono mmoja. Jina lake sitaliandika hapa pia. Kalamu nayo imeshazoea.

Lakini upo mwaka mmoja ambao yeye na mimi tulifanya kazi pamoja, kwenye gari moja, na tangu siku ya mazishi mwaka huo umekuwa ukinirudia kama maumivu ya goti wakati wa baridi. Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipoachia biashara huria. Maduka ya Tukuyu, ambayo nilipokuwa shule yalikuwa na rafu tupu na viberiti vilivyolowa unyevu, yalijaa ghafla: sabuni za kunukia, redio za kanda, viatu vya mtumba vilivyoning'inizwa kwa kamba zao kama samaki. Na kadiri maduka yalivyojaa, ndivyo ofisi zilivyomwaga watu. Chama cha ushirika alichokitumikia baba mkwe tangu ujana wake kiliwapunguza madereva wote, na kwa kuwa hakikuwa na kitu cha kuwapa, yeye alipewa landrova aliyokuwa akiiendesha, ambayo wakati huo ilikuwa haiendeshwi na mtu. Ililetwa kijijini kwetu Lufingo ikiwa imefungwa kamba nyuma ya trekta. Ilisimamishwa kwenye banda la mianzi pembeni ya jiko, juu ya mawe, na kuku wakaichukua. Mume wangu Ambokile alikuwa Tunduma akiuza mitumba. Alikuja alipoweza, na mara nyingi hakuweza. Nyumbani tulibaki watatu, mimi na wazee wawili, na kati ya wazee hao mmoja tu ndiye niliyeruhusiwa kuongea naye.

Huyo alikuwa mama mkwe, ambaye Lufingo yote ilimwita Mama Ambokile. Mwaka huo alianza kuvimba miguu. Asubuhi vifundo vilikuwa vimepotea, jioni magoti nayo yalikuwa njiani kupotea. Pumzi ikawa fupi. Akimenya ndizi alipumzika katikati ya ndizi moja na nyingine, kisu kikiwa hewani, huku akijifanya anasikiliza kitu nje. Hospitalini walimpa dawa na kumwambia awe anarudi mara kwa mara apimwe, maana moyo wake, walisema, umechoka. Safari ya kwanza alikwenda kwa miguu, akikaa kila kona. Baada ya hapo hakuweza tena. Magari hayakupanda kwetu wakati wa mvua, na kwetu mvua ndiyo hali ya kawaida. Jua ndilo linalokuja kutembea. Iliyobaki ilikuwa machela, vijana wanne na mianzi miwili, na hiyo aliikataa mbele yangu, jikoni, bila hasira.

"Nimewaona wanaopitishwa kwa machela," alisema. "Watu wanasimama kando ya njia, wanavua kofia. Mpaka ufike Tukuyu, kijiji kizima kimeshakuzika. Mimi nikienda hospitali nitakwenda nimekaa."

Baba mkwe alikuwa nje ya mlango akinoa panga. Sauti ya panga ilikoma, kisha ikaendelea. Kesho yake nilisikia kuku wakifukuzwa bandani na nyundo ikigonga chuma, na nikajua, kwa namna tulivyokuwa tunajua mambo katika nyumba ile, kwa masikio, kwamba anafungua magurudumu.

Injini haikumsumbua sana. Aliijua kama mtu anavyojua kikohozi cha ndugu yake. Kabureta aliisugua kwa mswaki wake wa zamani. Ndani ya pampu ya mafuta kulikuwa na kitambaa cha mpira kilichotoboka, naye akakata kingine kutoka kwenye koti la mvua alilopewa na chama, mfukoni bado kukiwa na risiti za petroli za safari zilizosahaulika. Mchana alikula bandani. Mimi nilipika ndizi na maharage, Mama alimpelekea bakuli na kibuyu cha maziwa ya mgando, na vyombo vilirudi na alama za vidole vya grisi ambazo niliziosha kwa majivu, nikijifunza kwa njia hiyo ukubwa wa vidole vyake. Siku injini iliponguruma, kuku waliruka hadi juu ya paa, moshi ukajaa jikoni, na Mama akatoka akipiga makofi mawili, matatu, yale aliyoyaweza.

"Imefufuka, Baba Ambokile! Sasa iambie isimame!"

Na hapo ndipo penye shida. Katika milima ile gari lisilokwenda ni banda la kuku tu, lakini gari lisilosimama ni jeneza. Breki za landrova ile zilifanya kazi kwa mafuta yaliyosukumwa ndani ya mabomba membamba mpaka kwenye kila gurudumu. Upepo ukiingia humo, pedali inazama kama mguu kwenye tope na gari linaendelea na safari yake. Kuutoa upepo kunahitaji watu wawili. Mmoja analala chini na kufungua nati ndogo nyuma ya gurudumu, mwingine anakaa kwenye usukani, anakanyaga na kuachia kama anavyoambiwa. Miguu ya Mama isingeweza kukanyaga hata mkeka. Vijana wa jirani walikuwa wameshakwenda Mbeya kuuza chochote kilichouzika. "Atu," Mama aliniita, maana jina langu ni Atupele, "njoo uuazime mguu wangu mguu wako."

Tuliweka utaratibu, na utaratibu ule nikiufikiria leo nachoka na kucheka kwa pamoja. Kwanza baba mkwe aliingia chini ya gari kutokea upande wa migombani. Mama, aliyekaa kwenye kigoda katikati ya banda, aliniita. Mimi nilitoka jikoni nimejifunika kitenge mpaka kwenye nyusi, nikapanda kutokea upande wa pili, nikakaa kwenye kiti kilichotandikwa gunia, gunia ambalo baadaye Mama alilikunja na kuliweka mbali, kwa sababu hata pale nilipokaa mimi yeye asingekaa. Kisha kazi ikaanza.

"Mwambie akanyage," sauti ilisema kutoka chini.

"Kanyaga," Mama akasema.

"Mwambie nimekanyaga, Mama."

"Amekanyaga."

"Mwambie ashikilie."

"Anasema shikilia, na usisinzie."

"Sijasema asisinzie."

"Nimesema mimi. Kazi yenyewe hainilipi, acha na mimi niongeze changu."

Tulikuwa tunasikiana, bila shaka. Kati ya mdomo wake na sikio langu palikuwa na bati la sakafu tu, tena lenye matundu. Nilisikia hata alivyoguna mafuta ya breki yalipomdondokea shavuni. Lakini neno lililosemwa chini ya gari halikuwa limesemwa mpaka Mama alipolichukua na kunipa, na langu vivyo hivyo. Hatukuona ajabu. Ndivyo nyumba ile ilivyopumua. Nilikuwa kijana, na nilidhani kila nyumba ina mtu mmoja katikati anayebeba maneno ya wengine, na sikuwahi kujiuliza kama mzigo huo una uzito.

Raba za breki, vile vikombe vidogo vya mpira vinavyozuia mafuta yasivuje, zilikuwa zimeoza, kwa hiyo nilitumwa mtaa wa Bulyaga, Tukuyu, kununua mpya kwa Bwana Shabani, muuza spea, mtu mwembamba aliyekaa kwenye kiti cha basi alichokiweka mlangoni pa duka lake. Aliponiona na raba kuukuu mkononi alicheka mpaka kofia yake ikapinda.

"Mwali wa landrova! Mkwe wako bado anamwombea yule marehemu?"

"Injini inawaka, Bwana Shabani."

"Hata kiberiti kinawaka, ila hakimfikishi mtu popote. Haya." Akamwaga pakiti juu ya meza. "Hizi za Dubai, hizi zimepitia Zambia, hizi sijui za wapi ila zina picha nzuri."

"Zipi zinadumu?"

Akainyoosha kofia. "Dada yangu, zamani nilikuwa sina cha kukuuzia, basi nilikuwa nakwambia ukweli. Sasa nina kila kitu, ukweli ndio umeniishia. Chukua hizi. Zikifeli uje unitukane, kiti hiki sihami."

Nilichukua zile alizonielekeza. Njiani kurudi mvua ilinikuta, nikazifunga kifuani ndani ya kanga, na nilipofika nilizikabidhi kwa Mama, naye akamkabidhi baba mkwe, aliyekuwa amesimama hatua chache kutoka kwangu akiwa ameipa mvua uso na mimi kisogo.

Kazi iliendelea siku nyingi za mvua. Kila baba mkwe alipodhani upepo umekwisha, asubuhi pedali ilikuwa imelegea tena. Alikuwa na kifua kibaya, na ardhi ya banda ilikuwa na maji yanayotiririka chini ya mgongo wake. Kikohozi chake kilipanda kupitia sakafu na kunitetemesha nyayo. Na Mama, pale kigodani, maneno yalikuwa yanampungukia. Mwanzoni alisema "anasema kanyaga." Kisha "kanyaga." Kisha alipata kijiti akawa anagonga debe, mara moja kukanyaga, mara mbili kuachia, na vichekesho vyake vikaisha kimoja kimoja, bila sisi kuhesabu. Ilikuwa kama kuangalia taa ya chemli inayomaliza mafuta: mtu anaendelea kushona, anasogeza kitambaa karibu zaidi na macho, hasemi kitu.

Alasiri moja, gurudumu la mwisho likiwa limemalizika, sauti ya chini iliuliza kama kawaida: "Muulize pedali ikoje."

Niliikanyaga. Ilisimama, kisha polepole, kama mtu anayesikiliza mahubiri marefu, ikaanza kwenda chini. "Mwambie bado inazama kidogo, Mama," nilisema, na sikunong'ona.

Mama alikiweka kijiti chini. Mvua ilikuwa ndogo siku hiyo. Hapakuwa na kelele ya kujificha ndani yake. Kisha akasema, "Anasema imekaa sawa."

Nilingoja. Najua baba mkwe alinisikia; mtu aliyekuwa chini ya miguu yangu, ambaye nilikuwa nikisikia hata anavyomeza mate, asingekosa kusikia. Lakini nilichosema mimi kilikuwa hakijabebwa, na kilichobebwa kilikuwa kingine, na yeye alikuwa mtu wa mila kabla hajawa dereva. Niliona mkono wake ukitokea pembeni ya gurudumu, ukaokota spana moja moja kutoka kwenye matope.

"Ndaga," alisema. Asante. Nikashuka, nikarudi jikoni, Mama akakunja gunia.

Asubuhi iliyofuata baba mkwe alilitoa gari peke yake kulijaribu. Nilisimama nyuma ya mlango wa jiko nikalisikia likishuka kuelekea mtoni, sauti ya gia ya kwanza ikilia kama ng'ombe, kisha sauti hiyo ikapanda, ikapanda zaidi kuliko ilivyopaswa, na baada yake ukaja mlio mlaini wa kitu kikubwa kikiingia kwenye migomba. Migomba ndiyo iliyomwokoa. Gari lilikata shina baada ya shina mpaka likachoka lenyewe. Wanaume waliolivuta kwa kamba walikuja wakiimba na kuzomea, kama watu wanavyofanya wakigundua kwamba hakuna aliyekufa: "Limekwenda kula ndizi! Mwacheni ng'ombe wa chama, hajalishwa tangu apunguzwe!" Yeye alitembea nyuma yao ameushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto. Kuanzia kiwiko hadi kiganja ulikuwa umevimba, kifundo kimeteguka, na mganga wa kuunga mifupa alimfunga kwa magome na kumkataza kukaza kitu chochote kwa muda.

Mama hakutoka kulipokea gari. Alikuwa amelala, na kuanzia siku ile kulala ndiko kulikokuwa mahali pake. Nilimpelekea uji. Alishika kikombe, hakunywa.

"Nilikusikia jana," alisema. "Nilisikia inazama."

"Najua, Mama."

"Alikuwa amelowa mgongo mzima. Anakohoa. Nikasema, huyu mwanamume atafia chini ya gari kwa ajili ya miguu yangu. Nikataka atoke tu, abadilishe shati." Akapumzika. "Halafu na mimi nilikuwa nimechoka, Atu. Kila neno la nyumba hii linapita kwangu. Ni kama kuchota maji kwa watu wawili ambao wote wako kando ya mto."

Nilichukua kikombe. Leo, nikiwa na umri unaozidi ule aliokuwa nao siku ile, ningejua la kusema. Ningekaa kitandani, ningeichua miguu yake. Wakati ule nilikwenda kukoka moto, kwa sababu maharage yalikuwa hayajaiva.

Siku zilizofuata uvimbe ulipanda mpaka mapajani. Usingizi aliupata akiwa ameegemea mito, na mchungaji alipokuja alimsihi akubali machela, naye akamjibu kwamba Bwana Yesu mwenyewe aliingia mjini amekaa. Mchungaji alicheka, kisha akatoka nje akasimama na baba mkwe chini ya upenu wa paa, na nikasikia akimwambia kwamba wiki hii, si nyingine, mama afike hospitali. Ambokile alikuwa ametumiwa habari Tunduma. Hakuna jibu lililofika. Wale waliovuta gari kwa nyimbo hawakutaka kulala chini yake; walisema limeshaonja mtu.

Jioni hiyo, kabla giza halijashika, nilikuwa naosha masufuria nikasikia nyundo bandani, mapigo mepesi, ya mkono wa kushoto. Kisha kitu kikaanguka. Kisha kimya. Nilifuta mikono. Sikumbuki kama niliamua. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nimechoka kuliko nilivyokuwa naogopa, na uchovu una ujasiri wake. Nilijifunika kitenge, nikakohoa kwa sauti ili anisikie nikija, nami nikasikia miguu yake ikisogea, akizunguka upande wa pili wa gari. Juu ya lile gunia, lililotandikwa chini, palikuwa na raba zote zimevuliwa kwenye magurudumu, zimepangwa kwa ukubwa. Moja ilikuwa na ufa mwembamba mdomoni. Ya kubadilishia ilikuwa pembeni, bado ndani ya pakiti. Niliiweka ile mpya mahali pake kama nilivyomsikia akimweleza Mama mara nyingi, nikarudisha vilivyobaki, na yote hayo yeye alisimama ng'ambo ya bodi akiangalia migomba. Kisha nikachukua spana, nikalitandaza gunia kwenye maji, nikalilalia, nikajisukuma chini ya gari.

Chini kule kulikuwa na harufu ya udongo na chuma. Niliona tumbo la gari ambalo yeye alikuwa amelitazama wiki zote zile, mabomba yake, viraka alivyochomelea zamani. Nilisikia mlango ukifunguliwa. Gari likashuka kidogo kwa uzito wake. Alikuwa amekaa mahali nilipozoea kukaa, na gunia lilikuwa chini yangu, si chini yake.

Nilingoja mtu abebe neno. Kigoda kilikuwa tupu. Kutoka ndani ya nyumba tulisikia pumzi ya Mama, sote wawili, ikipanda ngazi na kuteleza, ikipanda tena. Hakuna jambo lililokuwa zito kwangu kabla ya hapo, wala baada, kama kufungua mdomo ule. Na kilichotakiwa kutoka hakikuwa hata salamu. Kilikuwa amri.

"Kanyaga, baba."

Hakuna kilichotokea. Mvua ilidondoka kwenye bati. Kisha juu ya kichwa changu chuma kikagusa chuma, na pedali ikashuka.

"Shikilia." Nikafungua nati, mapovu yakatoka kwenye mpira uliochomekwa kwenye nati, meupe, mengi. Nikafunga. "Achia."

Akaachia. Tulikwenda hivyo, gurudumu kwa gurudumu, mimi nikisema maneno yale matatu na yeye akiyatii bila kujibu, mpaka mapovu yakaisha na mafuta yakatoka safi. Sikuuliza pedali ikoje. Aliikanyaga mara nyingi, akaishikilia chini ya mguu wake mwenyewe muda mrefu sana, na niliposikia akipumua nje nilijua. Alishuka, akaelekea migombani, akasimama kule akiwa amenipa kisogo mpaka nilipotoka, nikafika jikoni na kufunga mlango. Ndani, Mama aliuliza nani alikuwa bandani. Nilimwambia, mzee anamalizia. Akaona matope mgongoni kwangu, akafumba macho.

Tuliondoka asubuhi, ukungu bado uko kwenye mashamba ya chai. Mama alivaa gauni lake la kanisani na akatembea mwenyewe hadi kwenye gari, akiegemea bega langu. Kiti cha mbele cha landrova ile kilikuwa na nafasi tatu. Alikaa katikati, kama ukuta na kama daraja, baba mkwe upande wa usukani, vidole vya mkono uliofungwa vikiushikilia alipobadili gia, na mimi mlangoni nikiangalia nje. Kila mteremko alishika paja langu. Kila mteremko gari lilipunguza mwendo kama lilivyoombwa.

"Mwambie afunge mlango vizuri," baba mkwe alisema tulipopita mtoni.

"Funga mlango, Atu."

"Mwambie umefungwa, Mama."

"Umefungwa," Mama akasema, akatabasamu mbele, kwenye kioo chenye ukungu. Watu waliokuwa wakienda shamba walisimama kando ya barabara. Aliwapungia mkono wote, mmoja mmoja, nao wakampungia.

Hospitalini walimlaza kitandani karibu na dirisha, wakamsikiliza kifua, wakamchoma sindano. Daktari alikuwa kijana, mgeni wa wilaya ile, mpole. Alitoka nje, akauliza ndugu wa mgonjwa ni nani, na tulipojitokeza wawili, mmoja kila upande wa korido, aliona ni kazi kuongea na watu waliosimama mbali hivyo, basi akaja kwangu. Aliniambia kwa maneno ya wazi. Maji yatapungua kidogo, ataweza kulala. Lakini moyo haurudi. Tumrudishe nyumbani baada ya siku chache, tumpe anachotaka kula. Tusimsumbue na safari nyingi. Kisha akaniomba nimfahamishe mzee, akaingia chumba kingine.

Nilibaki na lile neno mikononi. Korido ilikuwa na harufu ya dawa na ya makoti yaliyolowa. Ng'ambo yangu baba mkwe aliangalia sakafu. Mkono wake uliofungwa ulikuwa umevuja maji ya magome kwenye shati. Ningeweza kumpunguzia. Nilijua sasa jinsi inavyofanyika, nilijua kwamba anayefanya hivyo hufanya kwa upendo, kama Mama. Nilivuka korido, nikasimama pembeni yake, nikaangalia sakafu ile ile aliyoangalia yeye, nikamwambia yote, kama yalivyosemwa, sikuacha hata lile la chakula.

"Ndaga," alisema. Kisha, na sijui kama alijua anafanya nini: "Yeye tumwambie nini?"

Halikuwa na mtu wa kupitia, swali lile. Lilikuja moja kwa moja, kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya mzee aliyechoka, na lilinifikia likiwa zima. Nilisema sijui, baba. Akasema hata yeye hajui. Tukasimama pale tukiongea taratibu, sentensi moja moja: kama tumwambie leo au akirudi nyumbani, kama Ambokile atafika, kama anaweza kula samaki. Tulisahau ukutila. Tuliingia wodini bado tukiongea, yeye mbele, mimi nyuma yake, na alipofika kitandani alivuta kigoda kilichokuwepo akaniambia, "Kaa hapa, Atupele."

Mama alikuwa macho. Alimwangalia yeye, akaniangalia mimi, akarudi kwake. Mvua ilikuwa imeanza tena dirishani. Nilihisi damu ikinipanda usoni chini ya kitenge.

"Basi," Mama alisema. "Kama mmefika mahali pa kuongea bila mimi, nimeshajua daktari kasema nini."

Mama alisogea kidogo kitandani, akapiga godoro kwa kiganja, ili na baba mkwe apate pa kukaa.